Jina na Mchanganyiko: Matumizi ya Shaba Nyeusi katika Usanifu Majengo, Ujenzi na Vyombo vya Majini

Ikisiri

Makala haya yanafafanua matumizi ya shaba nyeusi, yaani aloi ya shaba na bati pamoja na aloi nyingine zilizorithi jina hilo, katika usanifu majengo, ujenzi na vyombo vya majini. Hoja inayojengwa ni kwamba ustahimilivu wa metali hii dhidi ya ulikaji hutokana na mchanganyiko uliomo ndani yake, wala hautokani na jina linaloandikwa kwenye ankara. Aloi kadhaa ambazo biashara ya kimataifa huziuza kwa jina la shaba nyeusi ni shaba ya manjano kikemia. Tofauti hiyo haina uzito mkubwa ukutani mwa jengo, lakini chini ya maji ya chumvi inaweza kukizamisha chombo. Kwa kuwa Kiswahili nacho hutumia neno moja, shaba, kwa metali tatu tofauti, suala la istilahi linajadiliwa kwanza.

1.0 Shaba, bati na utata wa majina

Katika Kiswahili cha kila siku neno shaba hubeba mzigo mkubwa. Waya wa umeme ni wa shaba. Sinia la kahawa ni la shaba. Mshindi wa tatu katika mashindano hupewa medali ya shaba. Kikemia, waya huo ni shaba nyekundu, ambayo ni elementi tupu au inayokaribia kuwa tupu. Sinia ni shaba ya manjano, yaani aloi ya shaba na zinki. Medali inakusudiwa kuwa ya shaba nyeusi, yaani aloi ya shaba na bati, ingawa hata hapo jina na kitu huachana: medali za shaba za Michezo ya Olimpiki ya Tokyo 2020 zilitengenezwa kwa asilimia 95 ya shaba na asilimia 5 ya zinki, bila bati. Kamusi hutofautisha aina hizi tatu kwa rangi, na utaratibu huo unafaa kwa kiasi. Hata hivyo, shaba nyeusi mpya haina weusi wowote. Inapotoka kwenye kalibu na kung'arishwa, ina rangi ya dhahabu iliyokolea wekundu. Weusi wake ni wa uzee.

Neno bati nalo lina mtego wake. Msomaji wa Afrika Mashariki anaposoma kwamba shaba nyeusi ni mchanganyiko wa shaba na bati, huenda akawaza mabati ya kuezekea. Mabati hayo ni chuma kilichopakwa zinki. Hayana bati kwa maana ya elementi inayokusudiwa hapa. Bati la kweli huchimbwa Kyerwa mkoani Kagera, Rwanda, na Kivu katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nchi ambayo jimbo lake la Katanga liliitwa Shaba kuanzia mwaka 1971 hadi 1997 kwa sababu ya utajiri wake wa shaba nyekundu. Kwa maneno mengine, malighafi zote mbili za shaba nyeusi zinapatikana katika maeneo ambamo Kiswahili kinazungumzwa, lakini lugha yenyewe haijakubaliana juu ya jina la zao lake. Katika makala haya, shaba nyeusi ni aloi ambayo kiungo chake kikuu baada ya shaba si zinki. Kiungo hicho huwa bati kwa desturi, na katika aina za kisasa huweza kuwa alumini au silikoni.

Uwiano wa viungo unajulikana tangu kale. Meli iliyozama Uluburun, pwani ya kusini ya Uturuki, karibu miaka 1300 kabla ya Kristo, ilikuwa imebeba takriban tani 10 za shaba na tani 1 ya bati, ambao ndio uwiano wa kumi kwa moja unaohitajika kusubu shaba nyeusi nzuri. Bati huifanya shaba iwe ngumu zaidi, na hupunguza kiwango cha joto linalohitajika kuiyeyusha: shaba tupu huyeyuka katika nyuzi 1085 za Selsiasi, ilhali aloi yenye asilimia 10 ya bati huwa imeyeyuka yote katika nyuzi zinazokaribia 1000. Bati likizidi, metali huwa ngumu na yenye kuvunjika. Ndiyo maana asilimia 20 na kuendelea hutengwa kwa ajili ya kengele, ambazo hutakiwa kulia na hazitakiwi kubeba mzigo.

2.0 Katika usanifu majengo

Shaba nyeusi iliingia katika majengo kama metali ya heshima. Hekalu la Pantheon mjini Rumi, lililokamilishwa katika utawala wa Hadrian karne ya 2 baada ya Kristo, bado lina milango mikubwa ya metali hiyo. Boriti za ukumbi wake wa mbele pia zilikuwa za shaba nyeusi hadi mwaka 1625, Papa Urban VIII alipoamuru ziondolewe. Sehemu kubwa ya metali hiyo ilisubiwa upya kuwa mizinga ya ngome ya Sant'Angelo. Kisa hiki hutajwa mara nyingi kama ufisadi dhidi ya urithi, na ndivyo kilivyokuwa, lakini kinaonyesha pia sifa ya kiufundi isiyopaswa kupuuzwa: baada ya miaka 1500 hivi juani na mvuani, boriti hizo zilikuwa bado na thamani kamili ya metali yake. Chuma cha umri huo kisingeacha kitu cha kuibiwa.

Mfano unaofaa kuchunguzwa kwa kina zaidi ni jengo la Seagram, New York, lililobuniwa na Ludwig Mies van der Rohe akishirikiana na Philip Johnson na kukamilika mwaka 1958. Jengo hilo lenye ghorofa 38 limevikwa nguzo nyembamba zenye umbo la herufi I, zinazopanda kutoka chini hadi juu baina ya madirisha. Nguzo hizo hazibebi jengo. Sheria za ujenzi zilidai nguzo halisi za chuma zifunikwe kwa zege ili zistahimili moto. Kwa hiyo msanifu, aliyetaka mifupa ya jengo ionekane, aliweka nje mifupa mingine ya kuonyesha. Kwa kazi hiyo zilitumika takriban tani 1500 za metali, na katika vitabu vya historia ya usanifu metali hiyo huitwa shaba nyeusi.

Uchunguzi wa mchanganyiko wake unatoa jibu jingine. Nguzo hizo ni za aloi ambayo biashara huiita shaba nyeusi ya usanifu, yenye takriban asilimia 57 ya shaba, asilimia 40 ya zinki na asilimia 3 ya risasi. Vibamba vilivyo chini ya madirisha ni vya metali ya Muntz, yenye asilimia 60 ya shaba na 40 ya zinki. Bati halimo. Kwa kigezo kilichowekwa katika sehemu ya kwanza, jengo mashuhuri kuliko yote la shaba nyeusi katika karne ya 20 ni jengo la shaba ya manjano. Sababu ya uchaguzi huo ni ya kiwandani. Aloi yenye zinki nyingi na risasi kidogo ikipashwa moto husukumwa kwa urahisi kupitia tundu lenye umbo linalotakiwa na kutoa mhimili mrefu ulionyooka, jambo ambalo shaba yenye bati hailikubali kwa wepesi. Rangi ya kahawia inayowavutia wapita njia hutunzwa kwa kusafishwa na kupakwa mafuta mara kwa mara; bila hivyo ingegeuka kijani.

Ugeukaji huo wa rangi unastahili maelezo kwa sababu mara nyingi hufananishwa na kutu. Kutu ya chuma ni unga uliolegea unaoruhusu hewa na maji kupenya na kuendelea kula metali iliyobaki. Utando wa shaba hushikamana na metali iliyo chini yake na kuipunguzia kasi ya kuliwa. Hatua ya kwanza ni oksidi ya kahawia. Baada ya miaka, katika miji yenye moshi wa viwanda, hutokea salfati za kijani. Karibu na bahari hutokea kloridi, nazo si salama kwa kiwango kilekile. Kloridi iliyonaswa chini ya utando ikikutana na unyevu na oksijeni huanzisha mzunguko unaotoa madoa ya kijani kibichi yenye ungaunga na kuchimba vishimo. Wahifadhi wa makumbusho huuita mzunguko huo maradhi ya shaba, na wana haki ya kuuogopa. Sanamu ya Askari jijini Dar es Salaam, kazi ya James Alexander Stevenson iliyozinduliwa mwaka 1927, imesimama mwendo mfupi tu kutoka bandarini. Kwa sanamu iliyo mahali kama hapo, kuisafisha chumvi kwa maji matamu na kuipaka nta ni sehemu ya uhai wake. Urembo ni faida ya ziada.

Upwa wa Afrika Mashariki una urithi wake wa metali hizi. Milango ya Mji Mkongwe wa Zanzibar yenye vichwa vya shaba vilivyochongoka, mtindo wenye asili ya Kihindi, ni ya shaba ya manjano. Siwa ya Lamu, iliyosubiwa kwa njia ya kielelezo cha nta kinachoyeyushwa ndani ya kalibu, hutajwa katika maandishi mengine kuwa ya shaba ya manjano na katika mengine kuwa ya shaba nyeusi. Anayetaka kuandika juu ya tarumbeta hiyo kwa Kiswahili husema tu ni ya shaba, na kwa hapo utata wa lugha unamlinda.

3.0 Katika ujenzi

Sehemu kubwa ya shaba nyeusi iliyomo katika ujenzi haionekani. Imefichwa baina ya mawe, chini ya madaraja na ndani ya malango ya mabwawa.

Kwanza ni vifungo vya mawe. Jengo la mawe yaliyochongwa huhitaji vipande vya metali vya kuunganisha jiwe na jiwe. Chuma ni rahisi na kina nguvu, lakini kinapopata kutu huvimba na kuchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko ile ya awali, na jiwe lisiloweza kunyumbuka hupasuka. Ukarabati wa Parthenon mjini Athens ulioongozwa na Nikolaos Balanos mwanzoni mwa karne ya 20 ulitumia vifungo vya chuma visivyokingwa, navyo viliipasua marumaru iliyokuwa imesalimika kwa zaidi ya miaka 2000. Warekebishaji waliofuata walilazimika kuving'oa na kuweka titani. Kabla ya titani kupatikana, na hata leo pale gharama yake inaposhindikana, aloi za shaba zenye fosforasi au alumini zimekuwa jibu la kawaida, kwa kuwa ulikaji wake hauambatani na uvimbe wa kiasi hicho. Hoja hii ina uzito kwa majengo ya mawe ya matumbawe ya pwani, ambayo yana vinyweleo vingi na hufyonza chumvi. Ukarabati unaoingiza nondo tupu katika kuta hizo huzitia ugonjwa ambao hazikuwa nao.

Pili ni vikalio vya madaraja. Boriti ya daraja hurefuka mchana na kufupika usiku. Boriti ya chuma yenye urefu wa mita 50, joto likibadilika kwa nyuzi 30, hubadilika urefu kwa takriban milimita 18, na lazima ipewe mahali pa kutelezea. Chuma kikisuguana na chuma chini ya mzigo mkubwa huelekea kung'ang'aniana. Bamba la shaba nyeusi likiwekwa katikati huteleza bila kushikana, na aina nyingine hutobolewa matundu yanayojazwa grafiti ili lijilainishe lenyewe kwa miaka mingi bila grisi. Kanuni hiyohiyo hutumika katika vishikio vya malango ya mabwawa, ambayo hukaa bila kusogezwa kwa muda mrefu kisha hutakiwa kufunguka siku moja tu ya mafuriko bila kusita.

Mhandisi anayechagua metali hii hukumbuka mambo mawili. Shaba nyeusi hurefuka kwa joto zaidi ya chuma, takriban mara moja na nusu, kwa hiyo fremu ndefu huhitaji nafasi ya kupumua. Pia, ikigusana na chuma mahali penye unyevu, chuma ndicho huliwa.

4.0 Katika vyombo vya majini

Hapa ndipo jina hugeuka kuwa suala la uhai. Mbao zinazokaa baharini zina maadui wawili: funza wa baharini wanaozitoboa, na viumbe wenye magamba pamoja na mwani wanaozing'ang'ania na kupunguza mwendo wa chombo. Mabaharia wa Bahari ya Hindi walikabiliana nao kwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta uliopakwa sehemu ya chini ya chombo na kurudiwa kila msimu. Mtepe, uliofumwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, ulikwepa tatizo la metali moja kwa moja, ingawa kwa gharama ya kuvuja na kufumwa upya.

Jeshi la majini la Uingereza lilichukua njia nyingine. Mwaka 1761 manowari HMS Alarm ilifunikwa chini kwa mabamba ya shaba nyekundu. Funza walishindwa, na magamba yalipungua. Hata hivyo, chombo kilipokaguliwa, misumari ya chuma ilikuwa imeliwa vibaya, isipokuwa ile ambayo karatasi ya kahawia, iliyosahaulika kuondolewa kwenye mabamba, iliitenganisha na shaba. Karatasi hiyo inaeleza kila kitu. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi hufanya betri: mkondo hupita, na metali iliyo dhaifu zaidi katika mfululizo wa umeme huyeyuka ili kuilinda mwenzake. Ufumbuzi uliopatikana katika miaka ya 1780 ulikuwa kubadili bolti, kutoka chuma kwenda aloi za shaba zilizofanywa ngumu, na kuanzia hapo manowari za mbao zikafungwa kwa metali za ukoo mmoja.

Humphry Davy aliligeuza tatizo hilo kuwa kinga. Mwaka 1824 alionyesha kwamba vipande vidogo vya zinki au chuma, vikiunganishwa na mabamba ya shaba, huliwa vyenyewe na kuiacha shaba salama. Jaribio lilifaulu mno. Shaba iliyolindwa haikuyeyuka tena, na kwa kuwa sumu inayowafukuza viumbe wa baharini ni shaba ileile inayoyeyuka kidogokidogo, sehemu ya chini ya meli ilijaa magamba na mwani. Kinga hiyo ikaachwa. Haiwezekani kuidai metali hii mambo mawili kwa wakati mmoja, kwamba isiliwe hata kidogo na kwamba iwatie sumu wanaoigusa. Vipande vya zinki vinavyofungwa leo kwenye meli za chuma karibu na rafadha ni mbinu ya Davy iliyorudi mahali panapoifaa.

Mwaka 1832 George Frederick Muntz wa Birmingham alisajili metali yake ya asilimia 60 ya shaba na 40 ya zinki, iliyokuwa na bei nafuu kuliko shaba tupu na bado ikifukuza magamba. Meli ya Cutty Sark, iliyoshushwa majini mwaka 1869, ilivikwa metali hiyo. Kama bamba la juu linalobadilishwa baada ya miaka michache, ilifaa sana. Kama bolti au vali inayotegemewa kwa miaka 20, aloi ya namna hiyo ni hatari. Maji ya chumvi huitoa zinki na kuacha mifupa ya shaba yenye vinyweleo, ambayo huhifadhi umbo na ukubwa wa awali huku ikiwa haina nguvu. Vali iliyopotewa na zinki hutazamika kuwa nzima mpaka siku inapokatika mkononi mwa fundi au, vibaya zaidi, chombo kikiwa kwenye kina kirefu. Dalili ya pekee inayoonekana kwa macho ni wekundu wa waridi mahali palipokwaruzwa, badala ya manjano.

Kwa msingi huo, jina la shaba nyeusi ya manganizi ni jina linalopotosha. Aloi hiyo, ambayo kwa muda mrefu imetumika kusubia rafadha za mashua, ina takriban asilimia 58 ya shaba na 39 ya zinki; manganizi yake haifiki hata asilimia 1 katika aina nyingi. Ni shaba ya manjano iliyoongezewa nguvu. Kwa rafadha inayotolewa majini na kukaguliwa, na iliyolindwa kwa zinki, inakubalika. Kwa bolti ya mkuku, haikubaliki. Anayesoma neno shaba nyeusi kwenye kijitabu cha muuzaji na kuamini kwamba amepata aloi ya bati ananunua kinyume chake kwa bei ya ile anayoitaka.

Aloi zinazostahili jina hilo baharini ni chache na zinajulikana. Shaba ya mizinga, yenye asilimia 88 ya shaba, 10 ya bati na 2 ya zinki, hutumika kwa vali na viungio vya mabomba. Zinki hiyo ndogo husaidia usubuji na haitoshi kuanzisha upotevu ulioelezwa. Shaba yenye silikoni, takriban asilimia 3, hutengenezwa skrubu na misumari ya mashua za mbao. Shaba yenye fosforasi hutumika pale panapohitajika unyumbukaji na ustahimilivu wa msuguano. Inayobeba kazi nzito zaidi ni shaba yenye nikeli na alumini, karibu asilimia 80 ya shaba, 9 ya alumini, na 4 hadi 5 ya nikeli na kiasi kama hicho cha chuma. Rafadha ya meli ya makontena Emma Mærsk, yenye uzito wa takriban tani 130, ni ya aloi za ukoo huo. Utando wake wenye oksidi ya alumini hujirudisha haraka unapokwaruzwa, hivyo huvumilia maji yaendayo kasi ambayo yangeuchubua utando wa shaba tupu.

Hata aloi hii ina udhaifu wake. Inapopoa polepole baada ya kusubiwa, hujenga ndani yake maeneo yenye alumini nyingi ambayo maji ya chumvi huyala kwanza, na kulehemu huyazalisha upya kandokando ya mshono. Ndiyo sababu vipimo vya kazi ya majini hudai kipande kipashwe hadi nyuzi 675 kwa saa kadhaa kabla ya kutumika. Karakana inayolehemu rafadha iliyokatika ncha na kuirudisha majini bila kuipasha upya inaweza kuwa imeliacha eneo la mshono katika hali dhaifu kuliko ilivyokuwa kiwandani. Maji ya bandari yenye uchafu unaooza huongeza tatizo, kwa kuwa salfidi huharibu utando wa takriban aloi zote za shaba.

5.0 Uainishaji katika nyaraka za Kiswahili

Kutokana na hali hiyo, hati za zabuni, mikataba ya ukarabati na miongozo ya mafundi inayoandikwa kwa Kiswahili haiwezi kuridhika na neno shaba, wala na shaba nyeusi peke yake. Pendekezo linalotokana na mjadala huu ni kuandika jina la aloi likifuatwa na asilimia za viungo vyake vikuu: shaba nyeusi ya bati, asilimia 88 kwa 10 kwa 2, shaba nyeusi ya silikoni, asilimia 3, na kadhalika. Pale ambapo aloi ina zinki zaidi ya asilimia 15, kiwango ambacho juu yake hatari ya kupotewa na zinki huongezeka, iitwe shaba ya manjano bila kujali jina lake la kibiashara. Kwa utaratibu huo shaba nyeusi ya manganizi ingeandikwa shaba ya manjano yenye manganizi, na msomaji wa hati angejua anachonunua.

Fundi asiye na hati bado ana njia za kupima. Sumaku haisaidii sana, kwa kuwa aloi nyingi za shaba haziivuti, isipokuwa baadhi zenye chuma huivuta kidogo. Rangi ya mkwaruzo mpya husaidia kiasi: manjano iliyopauka huashiria zinki nyingi, kahawia yenye wekundu huashiria bati, ingawa alumini huidanganya macho kwa manjano yake ya dhahabu. Kipimo kinachotegemewa ni kifaa cha mkononi cha miale ya eksi, ambacho husoma viungo vya metali kwa sekunde chache bila kuikata. Bei yake ni kubwa kwa karakana moja, lakini kifaa kimoja kinaweza kuhudumia bandari nzima, na wanunuzi wakubwa wa vyuma chakavu tayari huvitumia ili wasilipe bei ya shaba nyekundu kwa shaba ya manjano.